Usiku wa Jumong Nyumbani Kwetu

Muhula uliopita mwenzetu mmoja wa Kidato cha Tatu aliandika katika gazeti hili kwamba sizoni za Kikorea na za Kichina ni kama mchwa, hula wakati wa mwanafunzi kidogo kidogo mpaka nyumba ianguke. Maneno yake yalisomwa sana bwenini, na wengi walimsifu. Mimi sina ugomvi naye, na katika habari ya wakati amesema kweli. Walakini alimaliza kwa kusema kwamba mambo yale ni ya watu wa mbali, hayatuhusu, na kwamba mtu akishakua hatakuwa na lolote la kukumbuka ndani yake. Hapo ndipo nilipomwomba Bwana Mhariri anipe nafasi, maana mimi ninalo la kukumbuka, na mambo yale ya mbali yalituhusu nyumbani kwetu kuliko mengi ya jirani.

Kwa ajili ya wazazi na walimu wasiojua, sizoni ni mchezo mrefu wa televisheni unaoendelea siku hata siku, kama hadithi ya bibi inayokatwa watoto wanaposinzia. Wazee wasidhani kwamba ni jambo la vijana wa leo tu. Mnamo mwaka 2011 Shirika la Utangazaji la Tanzania, yaani TBC, lilionyesha mchezo wa Kichina wa Mao Doudou na mama wakwe zake, nao ulikuwa umetiwa sauti za Kiswahili. Ulijulikana hata Rais Xi Jinping wa China alipokuja Dar es Salaam mwezi wa Machi 2013 akautaja katika hotuba yake. Mwalimu wetu mmoja, ambaye hutukataza habari hizi kila Jumamosi, alipoulizwa juu ya Doudou alicheka peke yake kwa muda, kisha akatuambia turudi kwenye hesabu.

Sizoni ya kwetu ilikuwa Jumong. Ilitengenezwa Korea ya Kusini na kuonyeshwa huko na kituo cha MBC tangu Mei 2006 mpaka Machi 2007. Ilikusudiwa iwe na sehemu 60, lakini watu waliipenda mno hata ikaongezwa, ikafika 81. Kwa maoni yangu zile zilizoongezwa hazina chumvi kama za mwanzo. Vita navyo si vikubwa sana, na Bibi yangu, ambaye hakuwa na elimu ya darasani lakini alikuwa na macho, alisema mara nyingi, "Huyo askari alikufa juzi, mbona amerudi?"

Kwetu ni Soni, katika Usambara, njiani baina ya Mombo na Lushoto. Mwaka 2019 nilikuwa darasa la tano. Mwaka ule kabichi zilipata bei nzuri, na Baba akanunua televisheni na deki. Kaka yangu akashuka Mombo akarudi na sanduku la sahani za Jumong ndani ya mfuko wa plastiki, ameukumbatia kama mtu aliyebeba mayai. Baba alitoa amri: wakati wa likizo sehemu mbili kila usiku baada ya swala ya Isha, shule zikifunguliwa iwe Ijumaa na Jumamosi tu. Tulianza mwezi wa Juni, na kwa sababu ya umeme kukatika tulimaliza mwisho wa Agosti.

Mwezi wa Juni kwetu kuna baridi ya kuuma. Bibi aliketi juu ya mkeka amejifunika blanketi mpaka kichwani, akabakiza uso. Mama alichambua maharage kwa mwanga wa televisheni, na kila jambo zito lilipotokea mikono yake ilisimama ndani ya ungo. Baba aliketi juu ya kiti karibu na mlango, kana kwamba ni mgeni anayetaka kuondoka upesi, lakini hakuondoka. Watoto wa jirani walijazana penye nafasi yoyote. Kaka hakuketi. Alisimama kando ya televisheni, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa kinywa cha Wakorea wote.

Sahani zile zilikuwa na Kikorea, na chini yake maandishi ya Kiingereza. Katika nyumba nzima aliyeweza kuyasoma upesi ni Kaka peke yake, maana alikuwa amemaliza Kidato cha Nne mwaka uliotangulia. Mmewasikia wale watafsiri wa mabanda ya video, wanaotia maneno yao na mizaha mpaka mchezo unageuka kuwa mwingine. Kaka aliwaiga sauti, lakini hakuongeza neno. Alisema kwanza kwa Kiswahili, kisha yaliyo magumu akamgeuzia Bibi kwa Kisambaa. Mfalme alimpa sauti nzito, malkia sauti ya puani, na Jumong alimpa sauti yake mwenyewe. Nilikuwa mtoto, nikaona ni jambo la kawaida.

Hadithi yenyewe nitaieleza kwa ufupi. Jumong alilelewa katika jumba la mfalme Geumwa wa Buyeo kama mwana wa mfalme, lakini hakuwa mwanawe wa kuzaa. Baba yake hasa alikuwa Haemosu, shujaa aliyedhaniwa kuwa amekufa, naye alikuwa rafiki wa huyo Geumwa. Wana wawili wa malkia, Daeso na Youngpo, walimchukia Jumong na kumtafutia kifo. Mwishowe alitoka Buyeo, akakusanya watu wasio na kwao, akasimamisha dola ya Goguryeo. Mtu huyu si wa kubuniwa kabisa. Wakorea wanaye katika kitabu cha kale cha historia yao, Samguk Sagi, kilichomalizika mwaka 1145, nacho chasema dola ile ilianza mwaka 37 kabla ya Kristo. Humo imeandikwa kwamba alizaliwa kutoka yai, kwamba jina lake maana yake ni mpiga mishale hodari, na kwamba alipokuwa akiwakimbia wana wa mfalme alifika penye mto usio na daraja, samaki na kasa wakajipanga juu ya maji akavuka.

Kaka alipotueleza habari ya samaki, ambayo aliisoma mahali pengine, Bibi aliondoa blanketi usoni akasema, "Huyu namjua. Huyu ni Mbega."

Wasambaa hawahitaji kuelezwa, lakini humu shuleni tumetoka mikoa mingi. Mbega alikuwa mtu wa Nguu, mwindaji wa nguruwe. Meno yake ya juu yalitangulia kuota, basi akaitwa kigego, na zamani kigego alihesabiwa kuwa mkosi. Wazazi wake walipokufa ndugu zake walimnyima urithi. Akaondoka na mbwa wake na mikuki yake, akaingia Usambaa, akawagawia watu nyama, akaua simba, na watu wakamfanya mfalme wao, na mji wa ufalme ukawa Vuga. Habari hizi zimo katika Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi, na maktaba yetu inacho. Vuga haiko mbali na kwetu, na Bibi alikuwa ameisikia habari ya Mbega tangu mgongoni mwa mama yake.

Tangu usiku ule Jumong hakuwa Mkorea tena. Mopalmo, mhunzi aliyehangaika kutafuta siri ya panga ngumu kama za Wahan, Bibi alimwita Mshana, kwa jina la wahunzi wa Upare. Bibi mwerevu wa wafanya biashara, So Seo-no, alimwita Sosono, akamsifu kwa kujua bei ya chumvi. Jumong alipokwenda na msafara kutafuta mlima wa chumvi, Bibi aliuliza kila asubuhi, akiwa anakoka moto, kama wamekwisha kufika. Mwenzetu aliyeandika kwamba mambo haya ni ya mbali, ningependa angemwona bibi wa Kisambaa akimwonea wasiwasi Mkorea juu ya chumvi.

Sasa yanipasa kusema jambo ambalo nimelikalia. Kaka si mtoto wa Baba. Mama aliolewa na Baba akiwa na mtoto huyo wa miaka minne, na mimi nilizaliwa baadaye. Kwetu huitwa mtoto wa kufikia. Baba hakupata kumwita hivyo hata siku moja, na Kaka hakumwita Baba kwa jina jingine ila Baba. Wengine katika ukoo walimwita, tena kwa sauti ya kusikika. Kaka ameniruhusu kuyaandika haya, aliniambia, "Andika, bali usiandike jina langu."

Kulikuwa na usiku mmoja wa Juni ambao siusahau. Haemosu, yule aliyedhaniwa amekufa, kumbe alikuwa kifungoni pangoni miaka ishirini, naye ni kipofu. Jumong alikutana naye huko, akamfundisha kupigana, na wote wawili hawakujua kwamba ni baba na mwana. Kisha Haemosu akauawa kwa hila za ndugu wale wa jumba la mfalme, na Jumong akaambiwa baadaye kwamba yule mzee kipofu ndiye aliyemzaa. Maandishi yalipita chini ya picha, na chumbani hapakuwa na sauti. Bibi akauliza, "Anasemaje?" Kaka hakujibu. Maandishi yakapita tena. Mama alikuwa ameinamia ungo. "Anasemaje mtoto huyo?" akauliza Bibi mara ya pili.

Nikaanza kusoma mimi. Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la tano, na mstari ulikuwa ukiondoka kabla sijafika katikati. Nilishika neno "baba," neno "kufa," na neno "sikujua," nikayasema hayo matatu kwa Kiswahili. Bibi akaitika, "Yatosha." Kaka akatoka nje, akakaa na baridi mpaka sehemu ya pili ikaisha, na sehemu hiyo ya pili niliisoma yote mimi, kwa namna yangu. Baba yake Kaka alifariki kabla Kaka hajaweza kumkumbuka uso. Hilo nililijua siku zote, lakini hapo ndipo nilipolielewa.

Tangu siku ile tulisoma kwa zamu. Kaka aliniwekea kituo cha picha ninaposhindwa, akanionyesha neno, akangoja. Walimu wangu hunisifu kwa Kiingereza, na wanafunzi huniuliza nilisoma shule gani ya msingi. Nilisoma ile ile ya kijijini, lakini nilifundishwa na Kaka kando ya televisheni.

Mwezi wa Julai likaja shauri la masomo. Kaka alitaka kwenda chuo kujifunza ufundi wa magari, na fedha hazikuwapo. Baba alikuwa na shamba dogo bondeni, kama nusu eka, alilorithi kwa Babu. Akawaita kaka zake wawili kuwaambia kwamba anataka kuliuza. Mazungumzo yalifanyika sebuleni mchana, sisi tukiwa jikoni, na ukuta wa kwetu hauzuii neno. Baba mkubwa mmoja akasema shamba la ukoo haliuzwi kwa ajili ya damu isiyo ya ukoo. Baba alinena kidogo, kisha akanyamaza. Shamba halikuuzwa.

Usiku tuliketi kama kawaida, maana ilikuwa Ijumaa. Ikatokea sehemu ambayo Geumwa anajua kabisa kwamba wanawe wanamdhulumu Jumong, naye anahuzunika, anatembea huku na huku katika jumba lake, na hafanyi neno. Kaka alitafsiri bila kubadili sauti. Bibi akatazama kwa muda mrefu, kisha akasema polepole, "Mfalme huyu ana huruma, lakini hana sauti." Bibi ndiye mama yake Baba. Hakumtazama mtu. Baba akainuka, akasema anakwenda kuangalia kama ng'ombe amefungwa vizuri, na hakurudi mpaka tulipozima.

Sijui kama Bibi alimsema Baba au alimsema mfalme. Nimefikiri sana juu ya hilo katika usiku wa bwenini, taa zikishazimwa. Ninachojua ni kwamba nyumbani kwetu hapakuwa na njia ya kulisema jambo lile uso kwa uso. Mtoto hawezi kumwambia baba yake hivyo, mke naye hawezi mbele ya watoto, na mama mzazi huogopa kuvunja nyumba ya mwanawe. Mfalme wa Buyeo aliweza kusemwa na kila mtu.

Tulimaliza Jumong usiku wa Jumamosi. Mwishoni So Seo-no, ambaye alikuwa mkewe na mwenzi wake katika kuisimamisha dola, anaona kwamba mke wa kwanza wa Jumong na mwanawe Yuri, waliodhaniwa wamekufa, wamerudi. Yeye ana wana wake wawili aliowazaa kwa mume aliyekufa, Biryu na Onjo. Anajua kwamba wakikaa pale watu watagawanyika juu ya mrithi. Basi anawachukua wanawe na watu wake, anaelekea kusini, na huko Onjo alianzisha dola nyingine iitwayo Baekje. Watoto wa jirani walikasirika sana, wakasema Jumong angemzuia. Mama alilia waziwazi. Kaka alitafsiri neno la mwisho, akatoa sahani katika deki, akaifuta kwa shati, akairudisha mahali pake.

Wiki ya pili ya Septemba aliondoka na lori la kabichi, alfajiri, akiwa utingo. Baba alimsindikiza hadi barabarani, akampa koti lake. Sikusikia waliyosemezana.

Baada ya hapo televisheni iliendelea kuwapo. Baba alinunua king'amuzi, na humo mlikuwa na michezo ya Kihindi na ya Kituruki iliyokwisha kutiwa Kiswahili safi, haihitaji mtu wa kusimama kando. Tulitazama. Bibi alisinzia mapema. Siku moja niliposema kwamba hii ni rahisi zaidi kwa kuwa Waturuki wanasema Kiswahili wenyewe, alinijibu, "Ndiyo, lakini hawajui kwamba mimi nipo."

Bibi alifariki mwaka 2022, nilipokuwa Kidato cha Kwanza. Nilipewa ruhusa, nikafika asubuhi ya maziko, na Kaka alikuwa amekwisha kufika kutoka Dar es Salaam usiku. Alikuwa amenenepa kidogo, na mikono yake ilikuwa na weusi wa girisi usiotoka kwa kuosha, maana alijifunza ufundi gereji kwa kuwashikia wengine spana mpaka naye akawa fundi. Makaburini, watu walipotakiwa kushuka ili kumpokea marehemu, baba wakubwa wawili walishuka. Ilitakiwa mtu wa tatu. Baba aligeuka, akapita kwa macho watu wote waliosimama, akamwambia Kaka, "Mwanangu, shuka umpokee bibi yako." Alisema kwa sauti ambayo hata waliokuwa nyuma waliisikia. Kaka akavua viatu. Baba mkubwa, yule yule wa maneno ya shamba, akasogea kumpisha.

Siku ya tatu tulipofungua sanduku la Bibi tulikuta kanga, chetezo, na chini kabisa sahani za Jumong, zote, zimefungwa ndani ya kanga kuukuu. Deki ilikuwa imeharibika zamani, na sote tulidhani watoto wamezipoteza. Mama alitaka kumpa Kaka. Kaka akasema zikae pale pale.

Hivi sasa nami ninajiandaa kwa mtihani wa Taifa wa mwezi wa Novemba. Daftari, sabuni na nauli yangu hutoka gereji. Simu haziruhusiwi shuleni, basi Kaka hupiga kwa mlezi wa bweni, Jumapili moja katika mwezi, na hatuzungumzi zaidi ya dakika tano. Mara ya mwisho aliniuliza juu ya mitihani ya majaribio, kisha akasema amepata sizoni nyingine, ya mwaka 2008, iitwayo The Kingdom of the Winds. Inaeleza habari za mjukuu wa Jumong, na anayecheza kama mjukuu ni yule yule Song Il-gook aliyecheza Jumong mwenyewe. Ina sehemu 36. Nikamwuliza amefika ya ngapi. Akasema hajaifungua bado, ameiweka juu ya kabati, na Baba naye amesema atashuka Dar es Salaam mwezi wa Desemba kuuza karoti, atalala kwake kama siku nne.

"Wewe utasoma," akaniambia, "mimi siku hizi macho yamechoka."